Wazee Wetu na Maradhi ya Usahaulifu

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo ni ya watu wote wasemao Kiswahili, lakini ni mahali pachache ambapo ukweli wake hushuhudiwa kila siku kama katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kuanzia Machame na Kibosho mpaka Marangu na Rombo, kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mara nyingi mpaka wake haukuandikwa katika karatasi yoyote. Mpaka umepandwa masale, na habari za nani aliyapanda, lini, na mbele ya mashahidi gani, zimo vichwani mwa wazee. Vivyo hivyo habari za ng'ombe aliyekabidhiwa jirani amtunze, za mahari ambayo haijamalizika, na za undugu unaokataza vijana wawili kuoana. Ugomvi unapozuka, mzee huitwa, huketi, na husema. Neno lake huwa ndiyo hati.

Basi itakuwaje pale kumbukumbu yenyewe inapougua?

Swali hili si la kubuni. Katika kaya nyingi yupo mzee ambaye jana alikuwa akizijua nasaba za ukoo mzima, na leo anauliza jambo moja mara tano katika asubuhi moja. Huacha chungu motoni na kwenda zake. Hutoka usiku akisema anakwenda nyumbani, ilhali yumo nyumbani kwake. Humwita mwanawe kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa. Miaka inavyopita hushindwa kuvaa, kuoga na hatimaye kula bila ya kusaidiwa. Jamaa zake husema kwamba ni uzee tu, na wengine hunong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Maelezo hayo mawili, ingawa hayafanani, huishia mahali pamoja: mgonjwa hafikishwi zahanati.

Haifai kuwalaumu wananchi kwa kufikiri hivyo. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliamini kwamba maradhi ya usahaulifu, yaitwayo demensia, ni nadra barani Afrika. Uchunguzi uliofanywa Ibadan, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ni kama 2 tu waliokuwa na maradhi hayo. Kiwango hicho kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na cha Wamarekani weusi wa Indianapolis waliochunguzwa kwa njia ile ile. Wako waliohitimisha kwamba Mwafrika amenusurika. Ilibakia kuuliza kama hali ndivyo ilivyo kila mahali.

Jibu moja lilitoka hapa mlimani. Wilaya ya Hai, iliyo magharibi ya Moshi, ilikuwa na jambo ambalo wilaya nyingi za Afrika hazikuwa nalo, yaani orodha ya watu wake kaya kwa kaya, iliyoanza kutunzwa tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya kufuatilia vifo na maradhi ya watu wazima. Kwa msingi huo, mwaka 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walivifikia vijiji sita na kuwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Miongoni mwa waliohusika na kazi hiyo na zile zilizoifuata ni Dakta Richard Walker na Dakta Stella-Maria Paddick kutoka Uingereza, pamoja na Watanzania Declare Mushi na Aloyce Kisoli. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalikuwa haya: baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, watu 6.4 katika kila 100 walikuwa na demensia. Kiwango hicho kinakaribiana na kile cha nchi tajiri. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na wapatao wanne katika kila kumi walikuwa na demensia itokanayo na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo.

Hapana budi kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ngumu. Vipimo vya akili vilivyozoeleka Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi, achore umbo, atoe hesabu za kupunguza na ataje tarehe. Mzee wa mlimani ambaye hakupata kukanyaga darasa atashindwa maswali hayo, si kwa sababu anaumwa, bali kwa sababu hakufundishwa. Kwa kipimo cha namna hiyo, kijiji kizima kingeweza kuhesabiwa kuwa kina wagonjwa. Ndipo watafiti wa Hai wakatunga kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huombwa kutaja majina ya wanyama kadiri awezavyo kwa muda wa dakika moja. Husomewa maneno kumi na baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi. Hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Kipimo hicho kimekwisha kutumika hata nje ya mipaka ya Tanzania. Hili ni jambo la kujivunia: chombo kilichoundwa kwa wazee wa Hai kimewafaa wazee wa nchi nyingine.

Sasa tutazame ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake huko Tübingen habari za mwanamke aliyekuwa akimfuatilia tangu mwaka 1901 hospitalini Frankfurt, ambaye alianza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 51 tu. Baada ya mwanamke huyo kufariki, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa darubini. Aliona mambo mawili: madoa ya uchafu uliogandamana baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba madoa yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na zile nyuzi ni za protini nyingine iitwayo tau. Seli zinazosongwa na vitu hivyo hupoteza nyuzi zinazoziunganisha na wenzake, kisha hufa. Zinazotangulia kuumia ni zile za sehemu inayopokea kumbukumbu mpya, na ndiyo maana mzee husahau alichokula asubuhi huku akikumbuka vizuri jando lake la miaka 60 iliyopita.

Msomaji atauliza: je, seli hizo haziwezi kuota tena? Mkulima wa kahawa anajua kwamba mkahawa uliozeeka ukikatwa karibu na shina huchipua na kuzaa upya. Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ina tabia ya namna hiyo. Mtu akijikata kwa panga mkononi na mshipa wa fahamu ukakatika, nyuzi zake zaweza kuota tena kwa mwendo wa kiasi cha milimita moja kwa siku, hata baada ya miezi kadha ganzi ikapungua. Lakini ubongo na uti wa mgongo havifanyi hivyo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka ule ule wa 1906, alichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Aliona kwamba nyuzi zilizokatika ndani ya ubongo wa mnyama mzima hujaribu kuchipua, kisha hukoma. Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wengi walilichukua hilo kuwa ni hukumu isiyo na rufaa.

Rufaa ilikatwa mara mbili. Kwanza, katika miaka ya 1950, Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua kitu ambacho mwili hutengeneza ili kuzilisha na kuzikuza seli za fahamu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na mwenzake Stanley Cohen. Pili, mwaka 1981 Albert Aguayo na Samuel David wa Montreal, Kanada, walichukua kipande cha mshipa wa fahamu wa mguu wa panya na kukitumia kama daraja kati ya ubongo na uti wa mgongo wake. Nyuzi zilizodhaniwa kuwa haziwezi kuota zilipita katika daraja hilo kwa urefu wa sentimita kadha. Maana yake ni kwamba uwezo wa kuota ulikuwapo. Kilichokosekana ni udongo wenye rutuba.

Kutokana na elimu hiyo, mwaka 2001 Dakta Mark Tuszynski wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alianza kuijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe zilibadilishwa maabarani ili zitengeneze kile kitu cha Levi-Montalcini, kisha zikawekwa ndani ya ubongo wake. Mwaka 2015 alitangaza habari za wagonjwa kumi ambao bongo zao zilichunguzwa baada ya kufariki: seli zilizolengwa zilikuwa zimechipua nyuzi mpya kuelekea mahali dawa ilipowekwa. Ilikuwa habari kubwa. Hata hivyo, jaribio lililofuata, la wagonjwa 49, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, halikuonyesha tofauti baina ya waliotiwa dawa na wasiotiwa. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kwamba dawa haikuwa imezifikia zile seli zilizolengwa. Wanasayansi hawakukata tamaa, na kazi ingali inaendelea. Lakini mtu asidanganywe na mwuza dawa yeyote kwamba ubongo uliokwisha kuharibika waweza kufufuliwa leo.

Wala dawa mpya zilizopo si jibu kwa mzee wa kijijini. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab, ambayo huondoa amiloidi ubongoni. Katika majaribio ya miezi 18, ilipunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi cha robo, haikuusimamisha. Hufaa wale tu ambao ugonjwa wao ungali mwanzoni. Katika majaribio hayo ilitiwa mshipani kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na mgonjwa sharti apigwe picha za ubongo mara kwa mara, maana yaweza kumletea uvimbe au kumvujisha damu kichwani. Gharama yake kwa mwaka mmoja haifikiriki kwa familia inayotegemea migomba na kahawa.

Je, tukae tukingoja? Hapo ndipo kazi iliyofanyika Hai inapostahili kusomwa kwa makini na kila kiongozi wa afya. Baada ya kuwapata wagonjwa, watafiti hawakuishia kuwahesabu. Walichukua tiba isiyotumia dawa, iliyobuniwa Uingereza, wakairekebisha ilingane na maisha ya vijijini, hususan kwa watu wasiojua kusoma. Wagonjwa 34 ambao ugonjwa wao haukuwa mkali waliwekwa katika vikundi vidogo. Walikutana mara 14, kila kikao kikiwa na jambo lake la kuzungumzia na la kufanya, ili akili ipate kazi bila ya mtu kuaibishwa kwa kusahau. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wengi wao walihudhuria vikao vyote, wakafanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili, na wasiwasi na fadhaa zikapungua.

Tusitie chumvi. Watu 34 ni wachache, na hakuna aliyesema kwamba mazungumzo yaliotesha upya nyuzi za ubongo. Alzheimer hakuponywa mtu. Lakini katika ugonjwa ambao dawa ya mamilioni hupunguza mwendo wake tu, si jambo dogo kwamba kuketi pamoja, kuzungumza na kukumbushana kwaweza kumrudishia mzee sehemu ya utu wake. Na kitu hicho hakihitaji umeme wala meli ya kukileta. Chahitaji mtu aliyefunzwa, chumba, viti na saa moja ya utulivu. Zahanati yaweza kukifanya. Usharika, parokia au msikiti waweza kukifanya.

La pili ni kinga. Jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu 45 katika kila visa 100 vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi 14 vingeondolewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, majeraha ya kichwa, uziwi usiotibiwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Tukumbuke kuwa katika Hai wapatao wanne katika kila wagonjwa kumi waliharibikiwa na mishipa ya damu ya ubongo. Tukumbuke pia kwamba uchunguzi mwingine wa wilaya hiyo hiyo, uliowapima watu 2,223 wenye miaka 70 na zaidi, uliwakuta watu saba katika kila kumi wana shinikizo la damu, na wachache sana kati yao walikuwa wamelidhibiti kwa dawa. Mashine ya kupimia presha ni ya bei nafuu, na vidonge vyake ni vya zamani na vinajulikana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Mzee akifika zahanati na kuambiwa dawa hakuna, sera hiyo haitaulinda ubongo wake.

La tatu ni hali ya wanaotunza. Kwa desturi ya Wachaga mwana wa kiume wa mwisho ndiye hubaki nyumbani na kurithi nyumba ya baba, lakini kazi yenyewe ya kumwosha mzee, kumlisha na kumfuata usiku aghalabu huangukia mke wa huyo mwana, au binti aliyerudi nyumbani. Ndugu zake wako Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo. Mwezi wa Desemba hupanda mlima kwa magari, hula Krismasi, huchinja mbuzi, hupiga picha na baba, kisha huondoka wakisema kwamba mzee hajambo. Hawakuwapo saa nane za usiku alipokuwa akibisha mlango wa jirani. Fedha wanazotuma ni za lazima, tena ni za kushukuriwa. Lakini mtunzaji huhitaji pia mtu wa kumpokea kazi walau siku chache katika mwezi, apumzike.

La nne ni usalama wa wazee, na hapa tunasema kwa uzito. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mwanamke anayetembea usiku bila kujua aendako, anayesema peke yake, anayemlaumu jirani kwa wizi ambao haukutokea, anaonyesha dalili ambazo daktari huzijua kuwa ni za ugonjwa. Mikutano ya vijiji yafaa ielezwe dalili hizo waziwazi. Kadhalika, mzee aliyepoteza fahamu za mambo hawezi kuuza kihamba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania humtaka anayefunga mkataba awe na akili timamu, na dole gumba lililoshikwa na mtu mwingine likachovywa wino si ridhaa. Wajumbe na mabaraza ya ardhi wanapoona karatasi ya namna hiyo, na waulize kwanza habari za afya ya muuzaji.

Demensia haitapungua. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ambayo wazee ni sehemu kubwa ya wakazi wake, na duniani kote Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba watu 57,000,000 walikuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maabara za San Diego na kwingineko zitaendelea kutafuta namna ya kuziotesha nyuzi za ubongo, nasi tunawaombea heri. Lakini mzee aliye kihambani sasa hana miaka 20 ya kungojea. Tunaomba basi kila zahanati ya mkoa huu iwe na mtu mmoja aliyefunzwa kile kipimo cha njiti za kiberiti, iwe na dawa za presha zisizokatika, na ianzishe kikao kimoja cha wazee kwa wiki. Kipimo kilitungwa kwetu na tiba ilijaribiwa kwetu. Itakuwa aibu ikiwa nchi nyingine zitafaidika na elimu iliyotoka kwa wazee wa Hai, nasi wenyewe tukaendelea kusema kwamba ni uzee tu.